Nyota Tatu Katikati ya Ukurasa

Mwezi ukijaa, sisi wauza dagaa tunapumzika tupende tusipende. Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huelea na taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, na dagaa hufuata nuru mpaka wakajaa chini yake, ndipo wavu unapoinuliwa. Mbalamwezi ikitanda, ziwa zima linakuwa taa moja, na dagaa hana sababu ya kukusanyika popote. Basi mitumbwi inavutwa nchi kavu, vijana wanashona nyavu na kucheza drafti, na kule Igombe ninakonunua dagaa wabichi, wiki na ushei hupita chanja za kuanikia dagaa zikiwa tupu.

Hizo ndizo siku zangu za kusoma. Nakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa stoo pale Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, miguu juu ya gunia, nasoma riwaya za mapenzi. Nimezisoma tangu sekondari, tulipokuwa tunazipitisha chini ya dawati mpaka jalada linabaki uzi. Sasa nina miaka 42, na bado moyo unanienda mbio mwanamume wa kitabuni anapobisha hodi baada ya miaka mingi, na mwanamke aliye ndani akasimama na mwiko mkononi kwa sababu sauti ile ameijua.

Mwezi uliopita shoga yangu aliniazima moja ya namna hiyo. Msichana aliachwa, akaumia, akajenga maisha yake upya kwa taabu, halafu yule aliyemwacha akarudi. Ni riwaya tamu. Mwandishi anajua maumivu: kuna mahali msichana anakunja shati la yule bwana, analikunjua, analikunja tena, na hapo nililia mbele ya wateja. Nikafika ukurasa ambao mwanamume amesimama getini, mvua inanyesha, anasema amekosa. Msichana anatoka bila mwavuli. Wanakumbatiana. Chini yake mwandishi ameweka nyota tatu katikati ya ukurasa, na baada ya zile nyota ni harusi.

Nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu. Si kwamba sikutaka waoane. Niliwataka waoane tangu sura ya pili. Ila ndani ya zile nyota tatu ndimo nilimoishi mimi karibu miaka miwili, na mwandishi amepita juu yake kama mtu anayeruka dimbwi.

Nitaanza na mama mdogo wangu, kwa sababu kwake ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza kwamba mtu anaweza kupenda baada ya kuvunjika.

Mume wake alikuwa ndani ya MV Bukoba. Meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba, ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Nilikuwa darasa la sita. Nakumbuka mji ulivyonyamaza, na nakumbuka mama mdogo akienda kila siku kutafuta miongoni mwa waliopatikana, akirudi na khanga ileile, na watu wazima wakitufukuza sisi watoto wasije wakaongea mbele yetu. Wengi wamezikwa Igoma. Yeye wake hakumpata. Alichagua mwenyewe kuamini kwamba yuko pale Igoma pamoja na wale wengine, kwa kuwa mtu lazima awe na mahali pa kwenda kulia.

Baada ya miaka kadhaa akaja baba mdogo tunayemjua sasa, mwashi, mtu wa maneno machache. Sisi wapwa tulimtazama kwa jicho baya. Halafu ikafika tarehe 21 Mei, na mama mdogo akajiandaa kwenda Igoma kama kawaida yake, peke yake, bila kumwambia mtu. Alipotoka nje alimkuta yule bwana ameshavaa, ana fyekeo mkononi. Akasema, "Nimesikia nyasi zimekuwa ndefu." Wakaondoka wote. Amekwenda naye kila mwaka tangu hapo. Anafyeka, anafuta vumbi, anasogea kando ili mkewe azungumze na mume wake wa kwanza.

Siku moja, nimeshakuwa mtu mzima, nilimuuliza mama mdogo ni lini alijua kwamba amempenda. Hakusema siku ya barua ya posa wala siku ya ndoa. Alisema, "Lile fyekeo, mwanangu."

Kwangu mimi hakuna aliyekufa. Hapo ndipo ugumu wangu ulipokuwa, maana kwa mama mdogo hakukuwa na mtu wa kusamehewa isipokuwa ziwa.

Baba Kulwa aliondoka mwaka 2012 kwenda machimboni Geita. Pacha wetu, Kulwa na Doto, walikuwa na miaka 4. Alibeba begi moja na ahadi ya miezi mitatu. Mwanzoni alituma pesa kwa simu, kidogo lakini kwa wakati. Kisha zikawa za kusuasua, kisha simu ikawa haipatikani, kisha mtu aliyetoka huko akaniambia, huku akitazama chini, kwamba mwenzangu anaishi na mwanamke mwingine.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni kitu kidogo ambacho sijakiona kwenye riwaya yoyote. Biashara yangu ni ya simu. Wateja wa nje ya mkoa wananitumia pesa, napakia magunia kwenye lori. Kila simu ilipolia mlio ule wa pesa kuingia, macho yangu yalikimbilia jina lake kabla ya kiasi. Miaka sita. Naingiziwa pesa halali, za jasho langu, nazipokea kwa huzuni kwa sababu hazikutoka kwake.

Mwaka 2015 nilikwenda kuomba talaka. Nikaelezwa kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 shauri la talaka halifiki mahakamani hivihivi. Kwa kawaida mgogoro lazima upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, wajaribu kuwapatanisha, na wakishindwa watoe hati. Aliitwa mara tatu, hakutokea. Ile hati ningeweza kuipata, lakini kila nilipotaka kuifuata nilikuta nina dagaa juani, au mtoto ana homa. Nikaacha faili lilale. Nilikuwa mke asiye na mume, na niliwachukia wote walionishauri nisubiri. Leo ule mpangilio wa sheria naukumbuka kwa jicho lingine. Aliyeutunga alijua kwamba kati ya kuumizana na uamuzi kuna kipindi kirefu, na lazima watu wakae humo, wakabiliane uso kwa uso.

Alirudi mwanzoni mwa mwaka 2020. Hakuja kwangu. Alifikia kwa kaka yake Buzuruga, akamtuma mkwe wangu, mama yake, aje kuniambia kwamba yupo na anaomba ruhusa ya kuwasalimia watoto. Nilimpokea mama mkwe kwa heshima zote, nikampikia sato, akala, akasema alilotumwa. Nikamjibu, "Mama, mwambie mimi nilitolewa kwa baba yangu. Kama ana neno, aanzie alikoanzia."

Baba yangu yuko Sengerema. Wakati ule daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kujengwa, na watu walivuka kwa kivuko. Baba Kulwa alivuka. Safari ya kwanza baba alimpokea, akamkaribisha maji, akamuuliza mvua za Mwanza, akamuuliza bei ya mahindi, jioni akamwambia, "Haya, nenda salama." Hakumruhusu hata kutaja jina langu. Safari ya pili ikawa hivyohivyo. Safari ya tatu baba aliniita na mimi niwepo.

Tulikaa chini ya mwembe, baba, shangazi, baba mkubwa, mimi na yeye. Shangazi ndiye aliyeuliza.

"Ulikuwa na mwanamke huko?"

"Nilikuwa naye, shangazi. Miaka mitatu."

"Na mtoto?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mmoja. Wa kike. Ana miaka mitano."

Niliinuka nikaenda jikoni, nikakaa mbele ya mafiga yasiyo na moto. Nilisikia sauti ya baba ikisema, "Endelea, tunakusikiliza," na sauti yake ikiendelea, bila kujitetea, ikieleza jinsi shimo walilochimba lilivyokauka dhahabu, madeni, aibu ya kurudi mikono mitupu, na jinsi aibu ya mwezi mmoja ilivyozaa ya mwaka. Hakumlaumu yule mwanamke hata kwa neno moja. Nilitaka amlaumu. Sasa nashukuru hakumlaumu, kwa sababu mtu anayemtupia lawama mwanamke wa jana ndiye atakayekutupia wewe kesho. Lakini siku ile nilirudi Mwanza sikumuaga.

Riwaya zingeliweka hapa machozi na kumbatio. Kwangu iliwekwa miezi mitano ya ukimya.

Katika miezi hiyo baba alianza kuugua mtoto wa jicho, nikawa namtembelea kila mbalamwezi. Alikuwa mpenzi wa kusoma, na macho yalipofifia alinyong'onyea. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu mzaliwa wa Ukerewe, aliposikia hivyo aliniazima kitabu kinene, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* cha Aniceti Kitereza. Akanisihi nikitunze. Kitereza aliishi huko Ukerewe, aliandika kwa Kikerewe na kumaliza mswada mwaka 1945. Kiswahili chake, alichokitafsiri mwenyewe, kilichapwa mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Mwaka 1981 mzee akafariki. Kila nikifikiria kungoja kwangu namfikiria yeye na karatasi zake.

Nilimsomea baba jioni baada ya jioni, nikidhani ni kitabu cha mila. Kumbe ni hadithi ya mapenzi yanayorudi. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto, na ndugu wa mume hawaishi maneno, wanamtukana mwanamke, wanamtaka mume aoe mwingine. Wazazi wa Bugonoka hawavumilii, wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anabaki na nyumba baridi. Ndipo anaanza kwenda kwa wakwe kumwomba mkewe. Na wakwe hawampi hivihivi. Wanamtoza pombe ya ndizi.

Nilitazamia Kitereza naye aweke nyota tatu. Hakuweka. Anakueleza jinsi pombe ile inavyopikwa, kazi yake yote, watu wanaohusika, nani anakaa wapi na nani anasema nini. Mwanzoni nilichoka. Halafu nikaelewa kwamba pombe ile ndiyo mapenzi yenyewe. Kila ndizi anayoihangaikia ni neno ambalo hawezi kulisema mbele ya wakwe. Bugonoka anarudi kwake kwa njia iliyokanyagwa na watu wengi, mchana kweupe, na matusi yaliyomtoa pale yamelipiwa. Baadaye wanakwenda kwa mganga, wanapata watoto wawili, Ntulanalwo na Bulihwali, na kitabu kinaendelea mbali. Lakini mimi moyo wangu ulibaki kwenye pombe.

Baba alicheka peke yake gizani. "Huyo mkwe," alisema, maana yake baba wa Bugonoka, "ana akili sana."

Mwezi uliofuata akamwita Baba Kulwa. Nilikuwepo. Baba ni mtu wa kanisa, pombe haingii kwake, akasema hivi: "Mimi sitaki ng'ombe wako, wa kwanza nilikula na hawakunisaidia. Binti yangu anaanika dagaa mchangani miaka yote hii. Nenda ukamjengee chanja. Kwa mkono wako. Asikusaidie mtu, na wewe usimsemeshe mpaka akusemeshe."

Asiyejua dagaa haoni uzito wa adhabu hiyo. Dagaa wa mchangani wanashika mchanga, na mla dagaa akisikia mchanga kwenye meno harudi kwako. Dagaa wa chanja wanakauka chini na juu, wanang'aa, bei yao inapanda. Nilikuwa nazitamani chanja kwa miaka mingi, na pesa ilikuwa inakwenda kwenye ada na kodi ya stoo. Baba alijua. Alimtoza deni la kile hasa nilichokosa yeye alipokuwa hayupo.

Basi akaja Igombe. Alipata kibarua cha kutengeneza injini za mitumbwi, na saa za jioni alichimbia nguzo, akafunga fito, akatandaza wavu. Nilikuwa natazama nikijifanya sitazami. Hakuwa fundi mzuri. Safu ya kwanza ilipinda, akaibomoa bila kuambiwa. Kulwa, aliyekuwa anamwita baba yake "wewe" na si vinginevyo, alikwenda siku moja kumpelekea maji kwa sababu jua lilikuwa kali, akarudi akaniambia, "Mama, ana malengelenge." Nikasema, "Mpelekee na chumvi anawie." Sikusema zaidi.

Doto alichukua muda mrefu kuliko sote. Msichana yule ana kumbukumbu. Alikwenda mwenyewe akasimama mbele ya zile nguzo akamuuliza, "Ukimaliza unaondoka?" Akamjibu, "Nikimaliza namwuliza mama yako." Doto akasema, "Niulize na mimi." Akakubali. Na kweli, siku ilipofika, alimwuliza na yeye, tena kwanza.

Haya ndiyo ninayoyatafuta kwenye riwaya za mapenzi ya mara ya pili, na nawaomba kwa moyo wote wanaoziandika wasituruke. Sitaki mambo ya kusikitisha. Nataka utamu, na utamu wenyewe uko huku. Nataka kuona mwanamke anavyotazama mgongo wa mwanamume aliyemuumiza na kugundua kwamba umepungua mwili. Nataka siku atakapotamani kumsemesha akajizuia kwa sababu hasira haijaisha, na siku hasira itakapoisha bila kumuaga, ajikute amepika wali wa kuzidi. Nataka mtoto wa machimboni atajwe, aje likizo, aogope kuingia ndani, aambiwe "karibu, mwanangu". Wetu huja kila likizo. Ananiita mama mkubwa, na ndiye anayependa kulala kwangu kuliko wote. Upendo uliomfikisha mtoto huyu kwangu ulipita njia ndefu, na hakuna nyota tatu zinazoweza kuibeba.

Shoga yangu hakubaliani nami. Anasema yeye anasoma ili apumzike, siku nzima ameshaona nguzo na malengelenge. Namwelewa. Lakini yeye ndiye aliyeniuliza, baada ya kunisimulia kuhusu mchumba wake mpya, "Sasa nitajuaje kama huyu ni wa kweli?" Na vitabu vyote tulivyosoma pamoja, vya kumbatio la mvuani, havikuwa na jibu la kumpa. Nilimsimulia lile fyekeo la baba mdogo.

Mwishoni mwa mwaka 2021, vuli imeanza, alikuwa amebakiza safu moja. Busisi nguzo za daraja zilikuwa zimeshasimama majini. Nilikuwa nimeziona zikiongezeka kila nilipovuka kwenda kumsomea baba. Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimeanika mzigo mkubwa, wa usiku wa giza kali, nusu kwenye chanja zake na nusu mchangani kwa kuwa safu zilikuwa hazijatosha. Yeye alipita akitoka ibada, shati jeupe, suruali ya kupigwa pasi, akiwa anakwenda zake.

Wingu likatokea upande wa Ukerewe. Kwenye ziwa letu mvua haikutumii salamu, unaiona inakuja juu ya maji kama pazia jeusi, na una dakika chache. Dagaa wakilowa hawaliki tena. Mzigo wa watu unageuka chakula cha kuku, na bei yake ndiyo hiyo. Igombe nzima ikapiga kelele. Watu wakakimbia kuanua. Mimi na Doto tukaanza kukusanya wa mchangani, na nikajua hatutaweza.

Sikumwita. Nilisikia tu turubai linavutwa, nikageuka, nikamwona yuko juu ya chanja na lile shati la kanisani, anafunika, anafunga kamba, anaruka safu nyingine. Alipomaliza huko akaja mchangani, akapiga magoti, akazoa dagaa kwa mikono miwili pamoja na mchanga wake, akajaza ndoo, akajaza na nyingine. Matone ya kwanza yakatukuta tunaburuta gunia la mwisho. Tulipoteza kama ndoo nne. Wengine walipoteza mzigo mzima.

Tukajibanza chini ya kibanda cha mabati, sisi watatu, mvua inapiga juu mpaka huwezi kusikia mtu. Shati lake lilikuwa limejaa magamba, linameta. Hakunitazama, alikuwa anatazama chanja zake kama zitahimili. Zilihimili. Doto akampa khanga yangu ajifute. Akaishika bila kujifuta, akaningoja mimi.

Mvua ilipopungua kidogo, nikasema, "Ile safu ya mwisho uiinue juu kidogo, maji yanaingia."

"Sawa, Mama Kulwa," akasema.

"Na jifute. Utapata homa."

Akajifuta.